Picha za sura katika bwalo la chuo, Iringa: mkaa, chaki na karatasi ya kaki

Kwa wiki kadhaa sasa, watu wa Iringa wasio na mtoto wala ndugu katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi kilicho nje kidogo ya mji wamekuwa wakifika getini na kumwambia mlinzi kwamba wamekuja kutazama picha za sura ambazo mwalimu wa sanaa wa chuo amezitundika bwaloni. Mlinzi mwenyewe ni mmoja wa waliochorwa, na nimeona wageni wakitoka bwaloni na kurudi getini kumtazama upya, kana kwamba walipoingia walimsalimia bila kumwona.

Vyuo vya aina hii vilianzishwa mwaka 1975, kwa mfano ambao Mwalimu Nyerere aliuchukua Uswidi, na hadi leo vikitajwa watu hufikiria useremala, uashi, umeme na ushonaji. Mwalimu huyu wa sanaa hufundisha kuchora mitindo ya nguo, na picha za sura alizianza ili kuwaonyesha wanafunzi wa ushonaji kwamba mabega ya mtu hayalingani kama ya sanamu ya dukani. Somo hilo la mabega limemfikisha mbali.

Anachora kwa mkaa na chaki juu ya karatasi ya kaki, ile ile tuliyojalidia madaftari tukiwa shule ya msingi. Mtu anaweza kudhani kwamba ni ufukara, lakini uamuzi huo ndio unaozibeba picha hizi. Juu ya karatasi nyeupe, mchoraji wa penseli hulazimika kuijaza ngozi yote kivuli, na mara nyingi uso huishia kuwa doa la kijivu. Juu ya kaki, rangi ya karatasi ndiyo ngozi yenyewe, mkaa unashuka kwenye taya na chini ya macho, na chaki inagusa pale tu mwanga wa dirishani unapotua, yaani kwenye paji la uso, ncha ya pua na mdomo wa chini. Mkaa huo anautengeneza mwenyewe, kwa kuchoma vijiti ndani ya kopo lililofungwa ili vikose hewa na visigeuke majivu.

Picha iliyonishika kuliko zote ni ya mpishi wa chuo. Ameketi mikono ikiwa mapajani, na mikono hiyo imepewa uzito sawa na uso, pamoja na vifundo vyake vilivyovimba na kovu la moto karibu na kiganja. Nilimkuta mwenyewe akiitazama. “Mwalimu, umenizeesha,” alisema. “Mama, nimechora nilichokiona,” akajibiwa, na wote wawili wakacheka, ingawa nadhani mama alikuwa na hoja, kwa sababu mkaa wa chini ya macho umekolezwa kupita kiasi. Kando yake yupo mama kijana, mmoja wa waliorudi masomoni kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambao huwapokea wasichana vyuoni pamoja na watoto wao. Mama ametulia, mtoto hakutulia, na mwalimu hakufuta, hivyo kichwa cha mtoto kinaonekana mara tatu, mistari ya kwanza ikififia chini ya ile ya mwisho. Mchoraji mwenye woga angeomba atumiwe picha ya simu.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu, kwa maana tangu sifa zisambae, wapo wanaoagiza kwa kutuma picha ya simu, na mwalimu anakubali. Simu ikishikwa karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na taa yake inayomulika kutoka mbele hufuta vile vivuli ambavyo ndivyo ufundi wake wote. Ukuta wa upande wa kulia umejaa picha hizo za maagizo, suti na tabasamu zilizoganda, na hakuna hata moja yenye mikono.

Mimi niliomba kukaa mbele yake nichorwe. Nilikaa asubuhi mbili, kila mara saa moja na nusu, kando ya dirisha la mashariki, katika baridi ya Julai ambayo kwa mji ulio juu ya mita 1,500 si ya mzaha. Atakayekwenda avae koti na asilivue, kwa kuwa litachorwa. Nililipa Sh 40,000 pamoja na fremu, na kwa mchoro huo sikuona kuwa ni nyingi. Fremu, inayotengenezwa na wanafunzi wa useremala kwa mbao za msindano, ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii: ubao haukuwa umekauka, pembe zikaachana baada ya wiki mbili, na kwa kuwa haikuwa na kioo, chaki ya paji la uso ilipukutika ndani ya bajaji kabla sijafika Kihesa.

Nimetengenezesha fremu nyingine yenye kioo. Mwalimu amekubali kuirudisha chaki bila malipo, kwa sharti kwamba nikae tena.