Programu ya barua pepe kwa mwenye nyumba ya wageni Lamu: ya kuweka, ya kujaribu na ya kuacha

Programu nyingi za barua pepe zinazosifiwa zilitengenezwa kwa mtu wa ofisini aliyechoshwa na barua za watu asiowajua. Kazi yake kubwa ni kumzuia mgeni mlangoni. Sasa sisi tunaokodisha vyumba Shela na Amu mjini tunaishi kwa hao hao tusiowajua. Mtu wa Milano ambaye hajawahi kukuandikia anauliza chumba cha Disemba, na barua yake hiyo ya kwanza ndiyo yenye pesa. Ikijificha pembeni ukaiona baada ya siku mbili, ameshalipa kwa jirani.

Kwa hiyo nimezipanga programu hizi kwa vipimo vya huku. Cha kwanza, inampokeaje mtu mpya. Cha pili, inakula bando kiasi gani, na inastahimilije mtandao unaokatika, maana umeme ukienda ruta nayo huenda, na ndani ya kuta nene za mawe simu hushika kwa tabu mpaka upande juu. Cha tatu, barua zako zinapita mikononi mwa nani. Wageni hututumia nakala za pasipoti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde. Bei nimeiweka mwisho kwa kuwa zilizoshika nafasi tatu za juu ni bure.

Kabla ya kupakua chochote, tofautisha anwani na programu. Ukibadilisha programu, anwani yako na barua zako hubaki palepale kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni inayokutunzia barua. Programu zenyewe huja na kuondoka: Mailbox, iliyopendwa sana na kununuliwa na Dropbox mwaka 2013, ilifungwa 2016. Inbox, ya Google wenyewe, ilifungwa 2019. Waliozitumia hawakupoteza barua, kwa sababu anwani zao zilikuwa kwingine. Anwani ndiyo iliyo kwenye Booking.com, eCitizen na KRA, na kuihamisha ni kazi ya mwezi mzima.

1. Thunderbird

Hii ndiyo ningemwambia mtu aanze kuijaribu, ingawa haina urembo wowote. Ya kompyuta ni ya zamani, toleo lake la 1.0 lilitoka 2004. Ya simu za Android ilitoka Oktoba 2024, ikiwa imejengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua ya Android iliyokuwepo kabla yake. Haina malipo wala matangazo, huendeshwa kwa michango.

Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba haiteremshi usichokiomba. Unachagua mwenyewe kila barua iteremke kwa ukubwa gani, na kiambatisho kizito hakiji mpaka ukibonyeze. Picha zilizopachikwa kutoka mtandaoni hazifunguki mpaka uruhusu. Hilo linaokoa bando, na pia linawanyima watangazaji ile picha ndogo isiyoonekana ambayo huwaarifu kwamba umefungua barua yao. Haina akili ya kuamua barua ipi ni muhimu: zote zinakaa kwenye orodha moja, mpya juu. Kwa mtu wa ofisini huo ni upungufu. Kwangu ndiyo sababu ya kuiweka nafasi ya kwanza.

Mwenye anwani mbili au tatu, tuseme Gmail yake na ile ya tovuti ya nyumba, ataziona zote kikasha kimoja. Na simu huongea moja kwa moja na seva ya barua, hakuna kampuni ya tatu katikati.

Kasoro zipo. Arifa zinaweza kuchelewa, hasa kwenye simu zinazozima programu ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi, la sivyo utailaumu bure. Haina kuahirisha barua mpaka kesho asubuhi. Na mwenye iPhone aruke, aende ya pili.

2. Gmail, ikishapangwa

Wengi wanaotafuta programu mpya wanayo hii tayari na hawajawahi kuifungua mipangilio. Ilivyo mwanzo inagawa barua kwa vichupo, yaani mafungu kama Msingi na Matangazo, na swali la mgeni, likija kupitia fomu ya tovuti, linaweza kuangukia kwenye Matangazo. Zima vichupo. Kisha tafuta kompyuta, hata ya saiba, kwa sababu vichujio, yaani kanuni za kupanga barua zinapoingia, havitengenezwi ndani ya programu ya simu: tengeneza kimoja cha barua zote zinazotoka kwenye tovuti za kukodisha, ukiamuru zisipelekwe kamwe kwenye barua taka. Kazi ni ya dakika chache, na faida yake ni kubwa kuliko programu yoyote ya kulipia.

Kuna mtego mmoja ambao hakuna programu itakayokuokoa nao. Gigabaiti 15 za bure zinatumika kwa pamoja na Drive na Google Photos, na tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa. Ukipiga picha vyumba na machweo ya Shela mwaka mzima, nafasi inajaa, na ikijaa barua haziingii tena. Mgeni anarudishiwa barua yake na kudhani umefunga biashara. Andika larger:5M kwenye utafutaji uone barua nzito, ufute za zamani, kisha umwage takataka. Wengine watapendelea kununua nafasi ya ziada ya gigabaiti 100, na hayo ndiyo malipo pekee katika mwongozo huu ninayoyaona yana maana.

Arifa zake ni za haraka, kuahirisha kupo, kupanga saa ya kutuma kupo, na barua uliyoiandika bila mtandao husubiri mpaka upatikane.

3. Outlook

Nzuri kwa anayeendesha nyumba zaidi ya moja, kwa ajili ya kalenda. Iko ndani ya programu yenyewe: unasoma ombi, unaona chumba kama kimeshikwa, unajibu. Lakini zima kikasha chake kinachojipanga chenyewe (Focused Inbox) siku ya kwanza, maana mtu mpya ndiye wa kwanza kusukumwa upande wa pili. Jua pia kwamba barua za Gmail ukizisomea humo hupitia seva za Microsoft, na ya bure ina matangazo.

4. Spark

Inapendeza machoni. Ili ikuletee arifa papo hapo, seva zake hushikilia idhini ya kuingia kwenye akaunti yako. Ni sawa na kumwachia mtu ufunguo wa nyumba ili akupokelee mizigo. Baadhi ya mambo mazuri ni ya kulipia. Jaribu kwa akaunti isiyo na pasipoti za watu.

Proton Mail siipangi nafasi, kwa kuwa ni anwani nyingine kabisa. Ni ya Uswisi, imefungwa kwa usimbaji (barua hugeuzwa kuwa maandishi ambayo mtu wa katikati hawezi kuyasoma), na inafaa kwa mambo ya wakili au ya shamba lenye kesi.

Za kuacha

HEY hutoza dola 99 kwa mwaka, kama shilingi 12,800 dola ikiwa shilingi 129. Sifa yake kuu ni kwamba kila anayekuandikia mara ya kwanza husubiri nje mpaka umkubali. Soma tena sentensi hiyo ukiwa na vyumba vinne vitupu mwezi wa Mei. Superhuman ilitoza dola 30 kwa mwezi mwaka 2025, karibu shilingi 3,900, na kasi inayojinadi nayo ni ya mtu mwenye kibodi na barua mia kwa siku. Ukitaka kuzionja hata hivyo, unaweza kulipa kwa M-Pesa GlobalPay, kadi inayokata kwenye salio lako la M-Pesa, ila ughairi mapema, malipo yasije yakajirudia kimyakimya.

Majaribio yafanye mwanzoni mwa msimu wa kusi, wageni wakiwa wachache, si Disemba. Weka programu mpya bila kuondoa ya zamani, jitumie barua kutoka simu ya rafiki ambaye hajawahi kukuandikia, uone inatua wapi. Kisha zima data, andika jibu, washa tena, uone kama limekwenda. Ukiikataa, kuifuta kwenye simu hakutoshi: ingia kwenye usalama wa akaunti yako ya Google, sehemu ya programu zilizounganishwa, uiondolee ruhusa.