Uzoefu wangu na onX Hunt: kujiandaa kuwinda elki Colorado

Mimi ni mtu wa Mombasa, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo kazi hii nimejifunzia ukubwani, hapa Colorado. Ndugu zetu wa Denver na Aurora wananiuliza mara kwa mara kama programu ya ramani ya onX Hunt inastahili kulipiwa. Inastahili, tena sana. Ila msianze nayo.

Anzeni na Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo. Colorado ina elki, yaani kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na imegawanywa vitalu vyenye namba. Kila mwaka idara hutoa takwimu za kila kitalu bila malipo: waliingia wawindaji wangapi, waliopata ni wangapi. Wapo pia wafanyakazi ambao kazi yao ni kukusaidia kwa simu kupanga mawindo. Niliyempata alinisikiliza kwa subira, akanieleza nyumba za elki zilivyo: majani, maji na msitu mzito wa kujifichia, na kwamba theluji ikizidi juu, wanashuka. Kumbukeni pia cheti cha mafunzo ya uwindaji. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye hapati leseni bila cheti hicho.

Nikachagua upande wa Flat Tops, ndani ya msitu wa taifa wa White River, nchi ambayo sikuwahi kuikanyaga. Hapo ndipo onX ilipoanza kunilipa.

Kampuni hii ilianzia Missoula, Montana, mwaka 2009, na kilichoiinua ni jambo moja: inakuonyesha ardhi ni ya nani. Msitu wa taifa una rangi ya kijani, ardhi ya BLM, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma, ni njano, na shamba la mtu lina mipaka na jina la mwenyewe. Ukiwa mgeni, tena mwenye bunduki mkononi, kuujua mpaka huo ni usalama wako. Kuna rangi moja ya kuangalia kwa makini, buluu ya ardhi ya dhamana ya jimbo, yaani ardhi ambayo jimbo huitumia kuingiza mapato, hasa ya shule. Hapa Colorado ardhi hiyo haiko wazi kwa kila mtu. Unaingia tu kwenye vipande vilivyo katika mpango wa idara ya wanyamapori wa kuwafungulia watu, na hilo lihakikisheni kwanza.

Kona za vipande vya ardhi zinapokutana ndipo penye fitina. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka kona kwa kona, kutoka kipande cha umma hadi kingine, mahali ambapo vipande vya ranchi navyo vinakutana, huko Elk Mountain, Wyoming, wakiongozwa na ramani hii. Mwenye ranchi akawashtaki akidai fidia ya mamilioni ya dola. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 10, ambayo Colorado imo ndani yake, ikawapa haki wawindaji. Nimeifuatilia kesi hiyo kwa moyo wote, kwa sababu ardhi ya umma ndiyo pekee aliyo nayo mtu kama mimi, asiye na ranchi wala rafiki mwenye ranchi.

Kiangazi kizima nilikaa na picha za satelaiti jioni. Nilitafuta miteremko inayotazama kaskazini, yenye misonobari mizito, iliyo karibu na uwanda wa majani. Nikawasha tabaka la mioto ya zamani, maana palipoungua miaka iliyopita huota majani na miche ya aspeni, chakula cha elki. Kila mahali nikatia alama. Kisha Agosti nikaenda kwa miguu. Alama nyingine hazikuwa na kitu, nyingine zilijaa mavi mabichi na miti iliyochunwa gome na pembe. Msiruke hatua hiyo. Ramani haijui kwamba njia fulani imeshajaa mahema ya watu.

Pakueni ramani nyumbani, kwa sababu mlimani mtandao hakuna, na baridi hula betri ya simu upesi. Yangu hulala ndani ya koti, na pawabenki haikosi mkobani. Programu hii pia ilinifunza kupima umbali wa kurudi kwenye gari kabla ya kufyatua risasi. Dume likianguka, nyama bila mifupa inaweza kufika kilo 100, na sehemu kubwa ya Flat Tops ni nyika inayolindwa, ambako hata mkokoteni wa magurudumu umekatazwa. Utabeba mgongoni, safari baada ya safari, kwenye mwinuko wa mita 3,000. Alama zote zilizokuwa mbali mno na gari nilizifuta.

Kwa Waislamu wenzangu: mashekhe wengi wa zama hizi wanaruhusu mawindo ya risasi ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta mnyama bado yu hai, unamchinja. Kisu kikali kiwe karibu.

Kuhusu malipo, kuna siku 7 za kujaribu bure. Kama mtawinda Colorado peke yake, lipieni kifurushi cha jimbo moja; kile cha nchi nzima ni ghali na mengi yake hamtayahitaji. Na lipieni majira ya kuchipua, kabla ya siku ya mwisho ya kuomba leseni mwanzoni mwa Aprili, mpate muda wa kuisoma nchi.