Kikombe cha Kaure cha Kijapani kwa Chai ya Kila Siku: Kipi Kitangulie?

Anayetafuta kikombe cha Kijapani kilichochorwa kwa mkono, cha kunywea chai kila siku wala si cha kupamba kabati, aulize kwanza iwapo mchoro umo chini ya utando wa kioo unaofunika chombo au umepakwa juu yake. Mchoro wa buluu uitwao sometsuke huchorwa kwa rangi ya kobalti, hufunikwa kwa utando huo, kisha huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,300 za Selsiasi, kwa hiyo sabuni na dodoki haviufikii. Rangi za juu, pamoja na dhahabu, huchomwa baadaye kwa nyuzi 800 hivi, nazo hufifia kwa kusuguliwa.

Kwa sababu hiyo ninaitanguliza kaure ya Tobe, kutoka mkoa wa Ehime, inayotengenezwa tangu 1777. Kuta zake ni nene na mdomo wake ni wa mviringo usiobanduka upesi, na kwa kuwa yunomi, kikombe cha kawaida cha Kijapani, hakina mkono, unene huo ndio unaoviokoa vidole chai inapokuwa ya moto sana. Mafundi wake huchora maua na mizabibu kwa mapigo machache ya brashi, na mimi sijaona urembo unaochosha macho polepole kuliko huo.

Ya pili ni Arita ya buluu, kutoka mkoa wa Saga, ambako kaure ya Japani ilianzia mwanzoni mwa karne ya 17. Ni nyeupe zaidi, nyepesi na nyembamba, hivyo huifaa sencha, chai ya kijani ya Kijapani, ambayo huandaliwa kwa maji ya nyuzi 70 hadi 80. Hasami, jirani yake katika mkoa wa Nagasaki, ninaiweka ya tatu: ni imara na bei yake ni nafuu, lakini michoro ya vikombe vyake vingi hupigwa chapa, haichorwi kwa mkono.

Kutani ya Ishikawa, yenye rangi tano zinazowaka, ni nzuri kupita zote, ila huoshwa kwa mkono na sponji laini, na yenye dhahabu haiingizwi katika maikrowevu.

Kabla ya kulipa, linganisha vikombe viwili vya seti moja. Mistari ya brashi hunenepa na kukonda, na haifanani kabisa; ikifanana nukta kwa nukta, hiyo ni chapa. Kisha pitisha kidole chini ya kitako: kikikwaruza, kitaikwaruza meza pia.