Nimemaliza kozi ya uchambuzi wa data kwa watafiti wa uhasibu, haya ndo niliyokutana nayo

Wadau, juzi nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki 10 ya mbinu za kitakwimu kwa utafiti wa uhasibu wa fedha. Kabla sijajiunga nilitafuta sana mtu aliyeisoma anieleze nikamkosa, kwa hiyo naandika kwa ajili ya anayetafuta sasa hivi. Mimi nipo mwaka wa pili wa uzamili, tasnifu yangu ni ya usimamizi wa faida, yaani mameneja wanavyosogeza faida juu au chini kwa kutumia makadirio ya kihasibu, na rigresheni (hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyoelezwa na vingine) nilikuwa naijua ile ya darasani tu, data inaletwa ikiwa imeshasafishwa wewe unabonyeza.

Wiki 4 za kwanza hamna rigresheni kabisa! Kiukweli nilikereka, nikaona napotezewa muda. Kumbe humo ndo kozi yenyewe ilipo.

Wiki ya 3 ndo iliyonifumbua macho. Tulikuwa tunaandaa data za modeli ya Jones ya 1991, ambayo unachukua jumla ya akruali, yaani faida ukitoa pesa taslimu iliyotokana na uendeshaji, unaangalia ni kiasi gani kinaelezwa na mabadiliko ya mauzo pamoja na mali za kudumu kama majengo na mitambo, alafu kile kinachobaki bila maelezo ndo watu wanakichukulia kama mkono wa meneja. Kila kitu humo unakigawa kwa jumla ya mali za mwaka uliopita. Sasa mimi kwenye Stata, programu ya takwimu tuliyotumia, nikaiambia tu ichukue namba ya mstari wa juu yake, ikakubali, haikutoa hata onyo. Kazi ikarudi na maneno matatu ya mwalimu: angalia mstari 11. Nikafungua. Mistari 10 ya kwanza ni kampuni ya kwanza, wa 11 ni mwaka wa kwanza wa kampuni ya pili, na "mali za mwaka uliopita" ulizobeba ni za kampuni ya kwanza!! Namba za kampuni ndogo zinagawanywa kwa mali za jitu kubwa, na ndivyo ilivyo kila kampuni mpya inapoanza, data nzima. Dawa yake ni kuitambulisha kwanza kampuni na mwaka kwa amri ya xtset, alafu unatumia L. mbele ya jina la kigezo, hapo mwaka wa kwanza wa kila kampuni unabaki wazi kama inavyotakiwa, na hata kama kuna mwaka umerukwa katikati haichukui namba isiyo yake. Nilirudi kwenye data za tasnifu yangu usiku uleule nikakuta kosa lilelile.

Kitu kingine nilichokipenda ni jinsi wanavyofundisha thamani zilizopitiliza. Wengi wetu tunakata tu kwenye asilimia 1 na 99, yaani namba iliyopita hapo tunairudisha mpakani, tunasonga mbele, ila hapa hukubaliwi kukata mpaka ufungue mistari yenyewe uione. Mimi nilikuta kampuni ina mauzo mara elfu ya mwaka wake wa nyuma, kufuatilia kumbe mwaka mmoja umeandikwa kwa maelfu na mwingine kwa mamilioni. Hilo ni la kusahihisha, ukilikata unabaki na namba ya uongo ila yenye sura nzuri.

Alafu kuna zoezi la kuchora mgawanyo wa faida. Watafiti Burgstahler na Dichev mwaka 1997 walionyesha kwamba kampuni zenye hasara ndogo sana ni chache kuliko inavyotarajiwa na zenye faida ndogo sana zimezidi. Nilishasoma hilo mara nyingi, lakini kuchora mwenyewe ukaona nguzo ya kushoto ya sifuri imezama na ya kulia imeruka juu, aisee, nilikaa naiangalia tu. Mwalimu naye akakazia kwamba picha hiyo peke yake haithibitishi mtu kachezea hesabu, kama ambavyo mabaki ya Jones yanaweza kuwa makubwa kwa sababu tu kampuni inakua haraka au mwaka umekuwa mbaya.

Sasa mapungufu. Somo la makosa sanifu, yaani kipimo cha makadirio yako yanavyoweza kuyumba, limepewa video moja fupi na hapo nimeumia, maana kampuni moja ikionekana miaka 10 miaka hiyo haijitegemei, inabidi uyakusanye makosa kwa kampuni, yaani miaka ya kampuni moja uihesabu kama kundi moja, mtafiti Petersen alilieleza vizuri 2009. Kwenye tasnifu yangu thamani ya t (ikiwa chini ya kama 2, matokeo hayahesabiki kuwa ya uhakika) ilikuwa 3.1, nilipokusanya kwa kampuni ikashuka hadi 1.6, matokeo yangu makuu yakaondoka hivyo hivyo. Jambo la uzito huo linataka wiki nzima.

Na wiki ya 9, ya kulinganisha kabla na baada ya sheria mpya, mfano wao ni kampuni za Ulaya zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa kuanza kutumia IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, mwaka 2005. Karibu wote wanahamia pamoja, sasa wa kulinganisha nao unamtoa wapi? Niliuliza, jibu likachukua siku 9 na halikunitosheleza.

Mnaotumia R, programu nyingine ya takwimu, pia mjue, maelezo yapo ila amri kadhaa kwangu ziligoma, kozi imejengwa juu ya Stata.

Naipa 4 kati ya 5. Kama takwimu za msingi bado zinakusumbua anza kwingine kwanza, hapa hawarudi nyuma. Video unabaki nazo mwaka mzima, jana nimerudia ile ya wiki ya 3 kabla ya kumtumia msimamizi wangu sura ya nne upya.