"Halijapungua hata gramu": tanzaniti niliyonunua Arusha

Nimekaa na hasira hizi tangu mvua za vuli zilizopita, nikajizuia kuandika nikidhani zitapoa. Hazijapoa. Lile duka la mawe kule Arusha, la ghorofani, lenye kabati za vioo na feni inayolia, sitalitaja jina, ila waliopanda ngazi zile watalijua. Msiende.

Mimi si mnunuzi wa pete. Ni mwalimu wa jiografia, na mawe nayakusanya yakiwa kama yalivyotoka ardhini, hayajakatwa wala kung'arishwa. Nina ulanga wa Uluguru unaobanduka kama karatasi za daftari. Nina spineli nyekundu ya Mahenge, bado imekaa ndani ya marumaru yake nyeupe. Nina na bonge la Longido, lile la kijani lenye rubi katikati. Kila mwaka nawapitishia wanafunzi wangu bonge hilo mkononi na kuwaambia kwamba kijani kile ni madini yaitwayo zoisaiti, na tanzaniti nayo ni zoisaiti, ndugu wa tumbo moja. Wanashangaa, nami nashangaa pamoja nao ingawa nimesema mara ngapi. Nilichokuwa sina ni huyo ndugu wa buluu akiwa bado ameshikilia mwamba wake.

Fuwele ya tanzaniti peke yake si kazi kuipata. Dalali yeyote atakufungulia karatasi iliyokunjwa na kukuonyesha. Lakini fuwele iliyosimama palepale ilipoota, juu ya kinywe cheusi (madini ya risasi ya penseli) cha machimbo ya tanzaniti ya Mererani, hiyo ni adimu, kwa sababu huko shimoni hesabu ni gramu na ubora wa rangi. Nyundo inapasua, mkono unaokota kinachong'aa, mwamba unatupwa na kifusi. Kipande kikipona, kimepona kwa bahati au kwa mchimbaji mwenye subira sana.

Kijana wa dukani alikitoa kwenye kisanduku chenye pamba. "Mama, hii ndiyo kazi yenyewe." Fuwele ilikuwa na urefu wa pingili ya kidole, imesimama wima kwenye jiwe jeusi linaloacha weusi mkononi kama risasi ya penseli. Akasema haijachomwa, na kwa hilo hakudanganya. Niliipeleka dirishani nikaizungusha polepole: upande huu buluu, upande ule zambarau, na nikiigeuza tena inakuja hudhurungi yenye wekundu. Ikichomwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi, ile hudhurungi hupotea, zinabaki mbili. Hii ilikuwa nazo zote tatu. Moyo ulinidunda, na nadhani kijana aliuona.

Nikafungua mkoba nikatoa tochi yangu ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ileile ya kukagulia noti. Gundi nyingi zikimulikwa nayo hung'aa weupe wenye buluu, hata kama kwa macho hazionekani. Sijaiwasha bado, akaniwekea mkono juu ya jiwe. "Mama, hapa si benki." Wenzake wawili kwenye kochi wakacheka. Nami, mtu mzima, mwalimu wa miaka mingi, nikairudisha tochi mkobani kwa aibu. Nikalipa laki sita na nusu, nikapewa risiti, nikapanda basi la Moshi nimekipakata kile kisanduku.

Jumapili nilichukua karai, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo (maji ya moto sithubutu, zoisaiti haipendi joto la ghafla), nikasugua vumbi kwa mswaki laini, nikaliacha jiwe lilowe usiku kucha. Asubuhi fuwele ilikuwa imelala ubavu chini ya karai.

Nilikaa chini jikoni. Kitako cha fuwele kilikuwa kimevunjika siku nyingi, bapa kabisa, kingo zake zimeshachakaa. Kwenye mwamba palikuwa na kishimo kilichokwanguliwa kwa ncha ya chuma, mikwaruzo bado mipya. Na ndani ya kishimo, utando mlaini kama kucha, wa kijivu. Niliukwangua kwa pini ukatoka kipande kizima. Gundi, ndani yake vumbi la kinywe lililosagwa laini na kukorogwa humo ili mshono ufanane na jiwe.

Wiki ile ile nikarudi Arusha. Sikupiga kelele. Niliweka vipande vyote juu ya meza, na risiti pembeni. Kijana hakuangalia kishimo wala gundi. Alivichukua vyote viwili akaviweka kwenye mizani yake ndogo, akaigeuza ili nisome. "Jiwe si lako, mama? Si hili hapa? Halijapungua hata gramu."

Nimeisikia sentensi hiyo kila usiku tangu siku ile. Najua inakotoka. Mwaka 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani, alipopata mawe yake mawili ya tanzaniti ya kilo 9.27 na kilo 5.1, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74, nchi nzima ilizungumza kilo na mabilioni. Sikusikia mtu akiuliza yalikuwa na umbo gani. Tumezoea kuliona jiwe kama nyama buchani. Kwa hiyo nikajiambia labda huyu kijana kweli haelewi, amekulia kwenye mizani, mwamba kwake ni uchafu tu.

Nikishuka ngazi, mzee mmoja dalali aliyekuwa amesikia yote akaniita. "Njoo mwalimu, kaa." Alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa shimoni Mererani, ujana wake. Alitumia nusu saa kunionyesha kwa lenzi ya mara kumi vipande vyake mwenyewe: tazama shingo ya fuwele inapoingia kwenye mwamba, utaona vigamba vya kinywe vinapanda juu yake na vingine vimemezwa ndani, kwa sababu vilikua pamoja. Ukiona mstari safi unaozunguka shingo, au kitu kinachong'aa kama mate yaliyokauka, acha. Pini iliyopashwa moto itazama kwenye gundi lakini haitazama kwenye jiwe. Tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, hulainisha gundi nyingi. Hakuniuzia kitu. Akaishika fuwele yangu juani akasema ni nzuri, na kwamba kwa fuwele peke yake ningelipa kama laki nne na nusu asingenilaumu.

Kwa hiyo ni haki niseme: fuwele ni ya kweli, ni ya Mererani, na siitoi kwa mtu. Asubuhi kabla ya shule naizungusha dirishani na ile hudhurungi inakuja. Labda neno msiende ni kali. Labda nendeni, nunueni fuwele zisizo na mwamba, na msikubali kunyimwa kuwasha tochi.

Hapana. Nimesoma tena nilichoandika, nikaangalia kile kipande cha gundi ambacho nimekihifadhi kwenye kiberiti, na nimerudi nilipoanza. Mtu anayeamini jiwe ni gramu tu hahangaiki kukwangua kishimo. Hasagi kinywe. Hakorogi, hasubiri ikauke, hapangusi kingo. Aliyefanya hivyo alijua kabisa ninachotafuta, alijua mwamba una bei, akanitoza bei hiyo, halafu nilipomrudishia uongo wake akanigeuzia mizani.

Mwamba na fuwele sasa vinakaa visanduku viwili. Kwenye lebo ya fuwele nimeandika zoisaiti, Mererani, Simanjiro. Kwenye lebo ya mwamba nimeandika kinywe tu, sina la kuongeza. Laki mbili za mwamba nazidai, na namba yangu ya simu anayo, ipo kwenye nakala ya risiti.