Uzoefu wangu wa kuitazama Awakenings pamoja na mgonjwa wa Parkinson

Filamu ya Awakenings ilitoka mwishoni mwa mwaka 1990, na wengi wanaoipendekeza huitaja kwanza kwa machozi yaliyowatoka. Mimi nawaandikia hasa wale ambao nyumbani kwao yupo mgonjwa wa ubongo au mishipa ya fahamu, na wanaojiuliza kama ni busara kumkalisha mgonjwa huyo mbele ya televisheni aitazame. Niliitazama hapa Dodoma, nyumbani kwetu Nkuhungu, pamoja na shangazi yangu mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila katika nusu ya pili ya filamu mgonjwa hapaswi kuachwa atazame peke yake, na nitaeleza kwa nini.

Kisa kinatokana na mambo yaliyotokea kweli. Kuanzia mwaka 1916 hivi hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ulienea duniani ugonjwa wa kuvimba ubongo uliowalaza watu usingizi mzito usio wa kawaida. Daktari Constantin von Economo wa Vienna aliueleza mwaka 1917, na chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo. Wengi walikufa. Baadhi ya walionusurika walirudi kwenye shughuli zao, kisha baada ya miaka wakaanza kukakamaa taratibu, mpaka wakawa watu wa kuketishwa na kulishwa, wasiosema wala kusogea. Mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Abraham iliyoko Bronx, New York, daktari Mwingereza Oliver Sacks aliwapa wagonjwa wa namna hiyo levodopa, dawa iliyokuwa imeanza kuleta matumaini kwa wagonjwa wa Parkinson. Watu waliokaa kimya kwa miongo kadhaa wakainuka, wakazungumza, wakauliza habari za ndugu zao. Sacks alichapisha kitabu juu yao mwaka 1973, na kutoka katika kitabu hicho Steven Zaillian aliandika filamu hii, ikaongozwa na Penny Marshall. Majina yamebadilishwa: daktari anaitwa Malcolm Sayer na anaigizwa na Robin Williams, na mgonjwa mkuu anaitwa Leonard Lowe na anaigizwa na Robert De Niro.

Sayer haingii hospitalini kama mwokozi. Ni mtafiti mwenye haya, aliyetumia miaka mitano maabara akishughulika na minyoo ya ardhini, na anapoambiwa kuwa kazi iliyopo ni ya kutibu watu anashtuka waziwazi. Nadhani ndiyo sababu anayasoma mafaili ya wodi kwa macho ya mtu ambaye bado hana jibu. Kila mgonjwa ameandikiwa ugonjwa tofauti, na kila ugonjwa umeongezewa maelezo kwamba dalili zake si za kawaida, na miaka imepita bila yeyote kushangaa kwamba hawa wote wasio wa kawaida wanafanana wao kwa wao. Anakwenda kumuuliza daktari mzee aliyewahi kuwahudumia walionusurika: hivi watu hawa wanafikiri nini humo ndani? Mzee anamjibu kwamba hawafikiri kitu. Sayer anataka kujua uhakika huo umetoka wapi, na mzee anasema, kwa sauti ya chini, kwamba ni kwa sababu kufikiri vinginevyo hakuvumiliki. Sijawahi kuona mazungumzo mafupi ya filamu yaliyobeba hukumu nzito kiasi hicho juu yetu sote tunaopita mbele ya kiti cha mgonjwa tukizungumza kana kwamba hayupo.

Sisi wa Dodoma jambo hili tunalijua kwa namna yetu. Hospitali ya Mirembe imewahudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, na mitaani jina lake limefanywa la kumtupia yeyote ambaye mwenendo wake haueleweki: mwenye kifafa, mzee aliyepoteza kumbukumbu, mama anayetetemeka mikono, wote husemwa kuwa ni wa Mirembe. Kauli hiyo inamdhulumu mgonjwa wa akili, ambaye hakuomba ugonjwa wake uwe tusi, na inamdhulumu pia mgonjwa wa mishipa ya fahamu, ambaye hapelekwi kwa daktari anayehusika kwa kuwa watu wamekwisha kuamua kichwani mwao ana nini. Shangazi alipoanza kutetemeka huko kijijini, wilayani Mpwapwa, majirani walisema amerogwa, na zahanati moja ikatuambia ni uzee tu. Hayuko peke yake. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kuwa wengi wa waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa ugonjwa huo.

Nitakaa kidogo kwenye tukio moja, kwa sababu ndilo lililobadilisha nyumba yetu. Mgonjwa mmoja, mwanamke aitwaye Lucy, anaanza kutembea wodini kisha anasimama ghafla katikati ya sakafu. Kila mara anasimama mahali palepale. Wauguzi wanaona ameshindwa. Sayer anainama, anatazama chini, na kugundua kwamba hapo ndipo vigae vya mraba vyeusi na vyeupe vinapoishia na sakafu kuwa tupu. Usiku yeye na muuguzi Eleanor wanapiga magoti na kuendeleza miraba kwa rangi hadi upande wa pili. Lucy anapita. Anapita hata bomba la maji ambalo walidhani ndilo analifuata, anakwenda mpaka dirishani.

Shangazi aliniambia nirudishe nyuma aone tena. Yeye husimama hivyohivyo kwenye mlango wa chumba chake: mwili unakwenda mbele, miguu inagoma, na vidole vinakwanguakwangua ndani ya ndala bila kunyanyuka. Sisi tulikuwa tukimvuta mkono. Kesho yake mwanangu wa darasa la sita alichukua chaki zangu za shuleni, akachora mistari ya kukatiza sakafu kuanzia kitandani hadi koridoni, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa hatua moja. Shangazi aliitazama, akanyanyua mguu wa kulia kana kwamba anaruka kijito, akaweka, akanyanyua wa kushoto. Akavuka mlango bila kushikwa na mtu. Chaki ilikuwa ikifutika kila tulipopiga deki, kwa hiyo sasa tumebandika utepe wa gundi wa njano. Daktari wetu wa kliniki alipoelezwa alifurahi, akasema kwamba mistari ya sakafuni, kuhesabu kwa sauti na kufuata mdundo ni njia zinazojulikana za kuwasaidia wagonjwa wanaoganda wakati wa kutembea. Filamu inalo hilo la mdundo pia, kwani wapo wagonjwa ambao hawainui kijiko mpaka muziki unaowafaa upigwe. Kwa shangazi, ambaye ni Mgogo wa kuzaliwa na aliyecheza ngoma ya muheme tangu usichana, si vigumu kujua ni muziki gani.

Uigizaji wa De Niro ndio uti wa mgongo wa filamu. Mimi naishi na Parkinson nyumbani, na nilikuwa tayari kukasirika iwapo ningeona mtu mwenye afya akijitikisatikisa kwa ajili ya kamera. Sikupata sababu. Anapoamka anajifunza mwili wake upya kwa adabu ya mtoto mgeni. Ni mtu mzima ambaye aliingia katika ugonjwa akiwa kijana mdogo, na miaka yote ya katikati hana. Baadaye dawa inapoanza kumgeuka, mitikisiko inaanzia usoni na shingoni, inashuka mkononi, inachukua mwili mzima, na hasira na shuku zinaingia pamoja nayo. Katikati ya mshtuko mmoja mkali anamwamuru Sayer achukue kamera arekodi ili watu wajifunze. Lipo tukio jingine ambapo anamuaga Paula, msichana anayekuja kumwona baba yake hospitalini, na Paula anamshika wakacheza dansi taratibu ndani ya ukumbi wa chakula, na mwili uliokuwa ukirukaruka unatulia. Hapo shangazi alilia, nami nikalia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Hapa ndipo ninaposema mgonjwa asiachwe peke yake. Wagonjwa wote wa filamu hatimaye wanarudi kwenye ukimya na kukakamaa walikotoka, mmoja baada ya mwingine, na shangazi aliyatoa macho yake kwenye televisheni akaniuliza: "Mwanangu, na hizi dawa ninazomeza mimi zitanifanya hivyo?" Dawa yake ni ileile levodopa. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na mtu aliye peke yake na hofu hiyo anaweza kuamka asubuhi akaacha dozi, jambo ambalo ni la hatari, kwa kuwa levodopa haiachwi ghafla.

Nilipeleka swali lake kliniki, na maelezo tuliyopewa naona yangefaa kuambatana na filamu hii popote inapoonyeshwa kwa wagonjwa. Katika Parkinson hufa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo mwili huihitaji ili uongoze mwendo. Dopamini yenyewe ikimezwa haiwezi kuingia kwenye ubongo, ila levodopa huingia, na ubongo huigeuza kuwa dopamini. Wagonjwa wa mwaka 1969 walikuwa na uharibifu mpana zaidi wa ubongo kuliko mgonjwa wa kawaida wa Parkinson, na walipewa levodopa tupu, ambayo sehemu kubwa yake huvunjwa mwilini kabla ya kufika inakotakiwa, hivyo dozi zilikuwa kubwa mno. Leo hutolewa pamoja na kabidopa, inayozuia kuvunjwa huko, na dozi huanzia chini na kupanda polepole. Ni kweli kwamba baada ya miaka kadhaa ya matumizi huweza kutokea mitikisiko isiyo ya hiari na nguvu ya dawa kuisha kabla ya saa ya dozi nyingine, lakini daktari anazo njia za kupanga upya. Isitoshe, filamu imefupisha. Katika kitabu cha Sacks, baadhi ya wagonjwa walipita kipindi kigumu, wakapatana na dawa, na wakanufaika nayo kwa miaka. Filamu imewarudisha wote usingizini katika kiangazi kimoja kwa sababu kisa kinapendeza hivyo, na kwangu hilo ndilo kosa lake kubwa. Watazamaji wa kawaida hawataumia kwa kufupisha huko, lakini wenye vidonge mezani wataumia.

Niongeze jambo moja kwa kuwa jirani yetu alilileta palepale: ni kweli kwamba mbegu za upupu, huu huu tunaoukimbia porini, zina levodopa ndani yake. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa macho mbegu moja imebeba kiasi gani, na aliyekwisha kuanzishiwa dozi na daktari asichanganye.

Mapungufu mengine ni madogo. Muziki wa Randy Newman ni mzuri, ila mara nyingine unafika kabla ya hisia na kutuelekeza pa kulilia. Wakubwa wa hospitali wamechorwa kwa haraka, kana kwamba kazi yao ni kukataa tu, ilhali tukio la wauguzi na wahudumu kuchangia fedha zao wenyewe ili dawa inunuliwe ni la kupendeza na lilistahili nafasi kubwa zaidi. Wagonjwa wanawake, ukimwondoa Lucy, hawakupewa muda wa kutosha. Kwa upande mwingine, Julie Kavner katika nafasi ya Eleanor ameigiza muuguzi kama nilivyowaona wauguzi wazuri: ndiye anayejua kila mgonjwa anapenda nini kabla daktari hajafikiria kuuliza.

Upatikanaji wake ni rahisi kwa mwenye bando la kutosha, kwani niliikodi kwa njia ya intaneti na picha ilikuwa safi. Shida ni lugha. Nakala niliyoipata haina maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na mazungumzo mengi ni ya sauti ya chini, kwa hiyo nilikuwa nikisimamisha na kumweleza shangazi. Filamu ya saa mbili ikatuchukua jioni nzima, na sikujuta, kwa sababu katika vituo hivyo ndipo alipokuwa akisimulia mambo ya mwili wake ambayo hakuwahi kutuambia: kwamba uso wake unapokuwa mkavu si kwamba amenuna, na kwamba tunapomjibia wageni maswali kabla hajamaliza kuyaunda maneno, yeye husikia kila kitu.

Robin Williams alifariki mwaka 2014, na uchunguzi baada ya kifo chake ulionyesha kuwa ubongo wake ulikuwa umeathiriwa na ugonjwa wa chembe za Lewy, ambao una undugu wa karibu na Parkinson. Ukiijua habari hiyo, ni vigumu kumtazama akiwa Sayer, akiwashika mikono wagonjwa wake, bila moyo kukuuma.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ningependa wanafunzi wa udaktari na uuguzi hapa Dodoma waonyeshwe walau tukio la vigae na lile la daktari mzee. Kwa familia, itazameni pamoja na mgonjwa ambaye amekwisha kuzoea dawa zake na anayependa kuuliza maswali. Aliyepewa majibu ya vipimo wiki hii asianze nayo. Mngojeeni kwanza akutane na daktari bingwa, apangiwe dozi, na aone mwenyewe inavyomsaidia.