Tahadhari: fundi wa magari ya rimoti jijini Mwanza anayesema "bodi imeungua" kisha anabadilisha vipuri

Ndugu wazazi na wapenzi wa magari ya rimoti wa Mwanza na wilaya za jirani, naandika tahadhari hii kwa sababu mtu aliyenidhulumu bado anatangaza huduma zake katika makundi ya WhatsApp ya hapa mjini, na mbinu anayoitumia haiwezi kutambuliwa na mtu ambaye hajawahi kufungua gari la aina hii. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu yako polisi na sipendi kuyaharibu. Nitaeleza anavyofanya kazi, na atakayekutana naye atamtambua.

Gari lenyewe ni la mwanangu wa miaka kumi na mmoja. Ni la kipimo cha 1:14, linavuta kwa magurudumu yote manne, lina mota ya saizi ya 550 na betri ya volti 7.4 yenye seli mbili za lithiamu za ukubwa unaoitwa 18650. Mjomba wake alimletea kutoka Dar es Salaam baada ya kufaulu mtihani wa darasa la nne, na kijana alilitunza vizuri kuliko anavyotunza viatu vyake vya shule. Jumapili moja tulikwenda kulichezea ufukweni Luchelele, wimbi dogo likalipitia, na tulipofika nyumbani halikuwaka tena. Taa haikuwaka, na hata ule mngurumo mdogo wa servo, yaani kimota kinachokata kona, unaosikika gari linapowashwa haukuwepo.

Nilielekezwa kwa fundi huyo, ambaye wakati ule alikuwa amepewa meza ndani ya duka la mtu mwingine katikati ya mji. Alilipokea gari, akabonyeza swichi mara mbili, na kabla hajagusa bisibisi akaniambia, "Mzee wangu, hapa bodi imeungua," yaani kile kibao cha saketi kinachopokea amri za rimoti na kuendesha mota. Alisema bodi mpya ingeagizwa Kariakoo na kufika kwa basi ndani ya siku nne, akaniomba advansi ya shilingi 45,000 kwa njia ya simu, na nyingine 40,000 nikichukua gari. Nilipotuma fedha, jina lililotokea kwenye ujumbe halikuwa lake. Alipoulizwa alijibu kwamba laini ni ya shemeji yake, nami nikanyamaza, jambo ninalolijutia hadi leo. Siku nne zikawa ishirini na tatu.

Gari lilirudi likitembea. Alilizungusha mbele ya duka kwa muda wa dakika moja, nikalipa, tukaagana kwa heshima. Nyumbani ndipo mashaka yalipoanza, kwa sababu gari ambalo zamani lilikuwa likirusha mchanga sasa lilijikokota hata kwenye sakafu, na baada ya dakika nne hivi mota ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika, na betri imekwisha. Mwanangu hakulia. Aliligeuza gari juu chini, akaniambia, "Baba, hii siyo mota yangu." Nilidhani ni maneno ya mtoto aliyevunjika moyo.

Siku iliyofuata nililipeleka kwa fundi wa redio ninayemfahamu tangu zamani eneo la Mlango Mmoja, tukalifungua pamoja mezani kwake. Jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa kifungu cha tepu nyeusi karibu na swichi. Alipoibandua, tulikuta nyaya mbili za swichi zimekatwa na kusokotwa pamoja, bila hata kuchomelewa kwa risasi. Maana yake ni moja tu: swichi ndiyo iliyokuwa imeingia maji na kushika kutu, na yule mtu aliligundua hilo, akairuka swichi kwa kuunganisha waya, kazi ambayo fundi mwaminifu angeitoza shilingi elfu tano. Tukaitazama bodi. Kwenye simu yangu nilikuwa na picha niliyopiga miezi kadhaa nyuma nilipokuwa nikisafisha mchanga, na katika picha ile stika ya bodi ina namba na mkwaruzo mmoja wa bisibisi unaokatisha tarakimu ya mwisho. Bodi iliyokuwa mezani ilikuwa na namba ileile na mkwaruzo uleule. Nilikuwa nimelipa 85,000 kwa bodi yangu mwenyewe.

Kuhusu mota, mtoto alisema kweli. Mota ya 550 na ile ya 540 zina unene mmoja, takriban milimita 36, na matundu ya skrubu yanalingana, kwa hiyo moja huingia mahali pa nyingine bila shida. Tofauti ni urefu, kwa maana 550 hukaribia milimita 57 na 540 hukaribia milimita 50. Iliyokuwemo ilikuwa fupi, imechakaa, na kaboni zake, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimebaki vipande vidogo.

Betri ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa kuwa inahusu usalama wa watoto. Ilikuwa na karatasi mpya yenye maandishi makubwa ya mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji inachodaiwa kubeba. Jirani yangu hununua mabondo ya sangara, na mizani yake ya kidijitali husoma hadi gramu moja, nikamwomba tuipime pale juu ya meza yake. Seli moja halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo mbili pamoja na nyaya zake zinapaswa kuzidi 90. Hii ilisoma 58. Tena hata seli bora za ukubwa huo zinazouzwa sana hufikia takriban mAh 3,500, hivyo mtu akikuonyesha iliyoandikwa 9,900 huhitaji kuendelea kuongea naye. Seli za namna hiyo zinaweza kushika moto zikiwa kwenye chaja, na wengi wetu tunachaji usiku sebuleni.

Nilipompigia, alisema mzigo ulikuja hivyo kutoka Dar es Salaam, halafu akaizuia namba yangu isimpate tena. Mwenye duka aliniambia kwamba alishamwondoa kutokana na malalamiko ya wateja. Tangu hapo nimezungumza na watu wengine wawili, mmoja wa Nyegezi na mama mmoja wa Sengerema aliyemtumia gari la mwanawe kwa basi, na wote wawili waliambiwa maneno yaleyale, kwamba bodi imeungua. Gari la yule mama halijarudi kabisa.

Kwa hiyo ukiambiwa bodi imeungua, usikubali kabla ya kuona kipimo. Weka kwanza betri mpya kwenye rimoti, kwa sababu magari mengi "yaliyokufa" yana rimoti yenye betri dhaifu tu. Kisha mwombe fundi apime kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, mbele yako. Betri ya volti 7.4 iliyojaa husoma karibu 8.4, na volti hizo zinapaswa kuonekana pia baada ya swichi. Zikionekana kabla ya swichi na kupotea baada yake, shida ni swichi. Ikiwa usukani unakata kona lakini gari haliendi, upande wa kupokea mawimbi ni mzima, na linalofuata ni kuchomoa nyaya mbili za mota, kuinua magurudumu juu, na kuigusisha mota kwenye betri kwa sekunde moja. Ikizunguka kwa nguvu, hapo ndipo unaweza kuanza kuishuku bodi, na ikikataa, shida ni mota au jiwe lililokwama kwenye gia. Gari linalotii ukiwa karibu tu na kupotea ukisogea mita chache, hasa haya yanayotumia mawimbi ya GHz 2.4, mara nyingi ni antena iliyokatika. Ule uzi mwembamba usio na ganda mwishoni una urefu wa milimita 31 hivi, na ukikatika haumaanishi kwamba bodi imekufa.

Kabla ya kuliacha gari popote, piga picha ya bodi, mota na betri, pande zote, ukiwa pamoja na fundi. Fundi mwema hatachukia. Kipuri kikibadilishwa, dai upewe kile cha zamani mkononi, na ikiwa jina la laini ya malipo silo la mtu aliye mbele yako, usitume. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuutuma kwenye namba 15040, na ambaye tayari amelipa ahifadhi ujumbe wa muamala na kwenda nao kituoni, maana ndio uliosaidia malalamiko yangu kupokelewa.

Ombi langu la mwisho linahusu mota. Ile ya mwanangu ni 550 yenye ganda la rangi ya fedha, na nyuma yake, pembeni mwa waya mwekundu, kuna tone la rangi ya kucha nyekundu ambalo aliliweka yeye mwenyewe kwa kuazima kichupa cha dada yake. Ukiuziwa au ukionyeshwa mota ya namna hiyo hapa Mwanza, tafadhali niandikie faragha na unieleze uliionea wapi.